Tingatinga Lililosahau Kukata Kona

Mzee huniita Injinia, na sote wawili tunajua ni mzaha. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipogoma, nikiwa nimesoma nadharia ya klachi bila kuwahi kuishika hata moja. Ya kwanza niliishika mwaka jana kwenye machimbo ya mawe huko Ndarugo, ndani ya tumbo la Caterpillar D7 lililokuwa limesimama miaka 11. Mwenyewe alishapata mnunuzi wa chuma chakavu. Mzee akamwomba wiki mbili. Wakaelewana hivi: tinga likitembea na kukata kona, fundi analipwa, lisipokata, hata nauli hapewi. Mimi nilikuwa nalipwa na Mzee, kwa hivyo njaa yake ilikuwa yangu.

Injini haikutusumbua sana. Siku ya tatu iliwaka, ikakohoa moshi mweusi, ikatulia. Shida ilianza tulipotaka kugeuka. Tinga la zamani kama hilo halina usukani. Lina mikono miwili ya chuma mbele ya dereva na klachi mbili nyuma, kila mnyororo na yake. Ukivuta mkono wa kushoto, klachi ya kushoto inaachia, mnyororo wa upande huo unakosa nguvu, wa kulia unaendelea kusukuma, na tinga linageukia kushoto. Basi. Ndani ya kila klachi kuna rundo la sahani, moja ina laini kama ya breki, inayofuata ni chuma tupu, hivyo hivyo hadi mwisho, zote zimebanwa na springi kali. Ziache zimebanwa miaka 11, unyevu uingie, na kutu itazifanya kitu kimoja.

Nilivuta mkono wa kushoto hadi bega likalia. Tinga likaendelea tu mbele, polepole, kuelekea ukingo wa shimo, hadi Mzee akazima injini. Klachi ya kulia ilikuwa na ugonjwa wa kinyume: laini zilikuwa zimelika, kwa hivyo ukisukuma mzigo, upande huo unateleza na mnyororo unasimama. Upande mmoja haukubali kuachia, mwingine haukubali kushika.

Mzee alishuka, akawasha sigara, akasema, "Huu ndio ugonjwa wa zile njugu za Waingereza."

Nilidhani jua limempata. Kumbe fundi aliyemfundisha kazi, marehemu sasa, alikuwa amefanya kazi Kongwa, Tanganyika, akiwa kijana. Usiku huo nilikaa na simu hadi chaji ikaisha, nikisoma.

Baada ya Vita vya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa wa United Africa Company, alipendekeza njugu zilimwe Afrika Mashariki kwa mashine. (Tanzania wanaziita karanga, sisi tunasema njugu na tunaelewana sokoni.) Serikali ikamtuma John Wakefield, aliyewahi kuongoza idara ya kilimo Tanganyika, akapime. Alirudi na mpango wa ekari 3,210,000, nyingi Tanganyika, zilizobaki Rhodesia ya Kaskazini na hapa kwetu Kenya. Waziri wa Chakula, John Strachey, akaukumbatia.

Ekari milioni tatu za kichaka hazifyekwi kwa panga. Zilihitaji matingatinga, na dunia ya mwaka 1947 haikuwa na mapya ya kutosha. Basi wakanunua mtumba. Sina neno bora kuliko hilo. Mengi yalikuwa mabaki ya jeshi la Marekani kule Ufilipino, mashine zilizokuwa zimeachwa vita vilipoisha. Yakapakiwa melini hadi Dar es Salaam, yakapandishwa reli hadi upande wa Dodoma, yakashushwa Kongwa. Kabla mwaka huo kwisha, kama theluthi mbili ya matrekta yao yalikuwa yamelala, hayafanyi kazi.

Watu wakiandika kuhusu Kongwa hupenda vituko: mibuyu iliyojaa nyuki, mnyororo wa nanga ya meli uliofungwa kati ya matinga mawili ili uburute kichaka, vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Vyote vilikuwepo. Udongo nao ulikuwa mfinyanzi unaokauka kama saruji, wenye mchanga unaolamba chuma cha plau. Mvua haikufuata ratiba ya London. Ila mimi nilikuwa na kutu chini ya kucha, na kilichonishika ni karakana. Waliagiza mashine kabla ya kuwa na karakana inayotosha, spea za kutosha, na mafundi wa kutosha. Vijana walifundishwa udereva harakaharaka wakakabidhiwa mashine zilizokuwa zimeshachoka kabla hazijafika. Kufyeka miti ni kugeuka kutwa nzima: sukuma, rudi, geuka, sukuma. Kila kugeuka ni klachi. Kitabuni utakuta jina la waziri na la mwenye kampuni. Jina la mwalimu wa Mzee sijalikuta popote, na alikuwa mle ndani.

Mpango ulivunjwa Januari 1951, baada ya kumeza kama pauni milioni 36. Kenya haikufikiwa.

Sisi Ndarugo tulitoa kiti, tukatoa tangi la dizeli, ndipo tukaifikia klachi. Springi hazifunguliwi kienyeji. Mzee alizibana kwanza kwa bolti ndefu, akanionya nisiweke uso mbele yake. Sahani za kushoto tulizilowesha mafuta taa usiku kucha, tukazibandua moja moja kwa nyundo na kipande cha mti. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho hakuna mhadhiri aliyewahi kunionyesha: meno ya sahani yalikuwa yamechimba vijishimo ndani ya ngoma, kwa hivyo hata bila kutu zingekwama. Siku mbili nilipiga tupa, jino kwa jino, hadi sahani ikateleza kwa kidole. Laini za kulia tulizipeleka Nairobi zikabandikwe upya. Tulibadilisha na sili iliyokuwa ikivujisha mafuta, maana laini mpya ikilowa mafuta itateleza vilevile.

Siku ya 13 nilivuta mkono wa kushoto. Tinga likasita, halafu likageuka, vumbi likapanda. Nilipiga kelele kama mtu amefunga bao. Mzee alisema kulia bado kuzito kidogo, lakini kutalegea.

Mwenyewe alilipa, si zote, na akasema sasa litauzika bei nzuri. Hadi mnunuzi apatikane, Mzee alimwagiza askari wa lango aliwashe kila Jumamosi, asogee mbele kidogo, avute kushoto, avute kulia, hata kama hakuna kazi.

Askari alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza dizeli ya Jumamosi itanunuliwa na nani. Sote watatu tukamgeukia mwenyewe. Alikuwa kwenye simu.