Radi za Kivu na Historia ya Kuzipima

Mji wa Goma, katika eneo la Kivu mashariki mwa Kongo, uko kusini kidogo ya ikweta, lakini hauna joto la kutisha. Umeinuka mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na upepo wa Ziwa Kivu huupoza. Ukali wa hali ya hewa ya Kivu uko kwenye radi.

Chanzo chake ni umbo la nchi. Hewa yenye unyevu kutoka msitu wa Kongo husukumwa mashariki hadi kwenye milima ya ukingo wa Bonde la Ufa, na hapo hulazimika kupanda. Jua la mchana huizidishia nguvu, na alasiri mawingu meusi huwa yameshatanda juu ya milima ya Masisi, karibu na Goma. Ndani ya mawingu hayo chembe za barafu hugongana na kujikusanyia chaji za umeme mpaka radi ipige.

Zamani kipimo kilikuwa sikio: mtumishi wa kituo cha hali ya hewa aliandika kila siku aliyosikia ngurumo. Mwaka 1995 Marekani ilirusha chombo cha kuhesabu radi kutoka angani, mchana na usiku, nacho kilionyesha kilele cha Afrika upande wa Rwanda, radi 80 kwa kilomita ya mraba kila mwaka. Satelaiti ya TRMM, ya Marekani na Japani, ilifuata mwaka 1997. Hesabu zake za miaka 16 zilipochapishwa mwaka 2016, Ziwa Maracaibo la Venezuela lilitangulia kwa radi 233, Kabare ya Kivu Kusini ikawa ya pili kwa 205, na Sake, jirani ya Goma, ya tano kwa 143. Ongezeko hilo halina maana kwamba radi zilizidi: ramani mpya ilichorwa kwa vipande vidogo zaidi. Majina nayo ni ya makazi yaliyo karibu na sehemu zilizopimwa.

Hata wanyama hawasalimiki. Februari 2020 sokwe wanne wa milimani wa kundi la Hirwa, majike watatu na mtoto mmoja, walikutwa wamekufa katika hifadhi ya Mgahinga, Uganda, na dalili zote zilielekea kwenye radi.

Hata hivyo, kinachoua watu wengi zaidi ni mvua inayokuja na radi hizo. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mto Sebeya ulifurika Rubavu, ng'ambo ya mpaka wa Goma, na magharibi mwa Rwanda walikufa zaidi ya watu 130. Kesho yake mito ya Kalehe, upande wa Kongo, ilishusha matope na mawe juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walikufa na maelfu hawakujulikana waliko. Miteremko ya huko ni mikali, miti imekatwa kwa mashamba na makaa, na vijiji vimebanana kwenye ukanda mwembamba kati ya mlima na ziwa, palepale mito inapomwagika.