Ndama waliozikwa kimya

Ndugu zangu wahitimu, kwenye auditwari tulifundishwa jeni kwa njegere za Mendel: njano, kijani, tatu kwa moja, mtihani ukaisha. Hakuna aliyetuambia kwamba hesabu ile ile iliwahi kufilisi watu. Leo nawaelezea mambo ya ngombe wa Hereford kule Marekani, juu ya kuna jambo linanisumbua mimi mwenyewe. Nitafika kwalo.

Miaka ya 1940 wafugaji wa huko walipenda ngombe mfupi, mnene, mwenye miguu mifupi. Dume wa namna hiyo njo alikuwa anashinda kwenye maonyesho, na watoto wake wanauzwa bei ya juu. Kisha wakaanza kuzaliwa ndama wa ajabu: paji la uso limevimba, mdomo mfupi, tumbo kubwa, na wakipumua wanakoroma. Wengi hawakuishi. Wakaitwa wakoromaji.

Ilikuwa kasoro ya kurithi, ya jeni inayojificha. Dume mwenye nakala moja tu anaonekana mzima. Tena watafiti waliona kwamba wabebaji mara nyingi walikuwa wafupi kidogo na wenye kujaa zaidi, yaani kile kile waamuzi wa maonyesho walichokitafuta. Kumbe zawadi zilikuwa zinakwenda kwa jeni mbaya!

Sasa mfugaji akikuta mkoromaji zizini asubuhi, atafanya nini? Wengi waliua, wakazika, wakanyamaza. Ni rahisi kuwaita waongo, lakini tuhesabu kwanza. Kipimo cha damu hakikuwako. Kusema "kwangu amezaliwa mmoja" ilikuwa kumchafua dume, jike, ndugu zao na watoto wao wote, hata wale waliokuwa safi. Wanunuzi walisoma karatasi ya ukoo na kulikimbia jina. Wewe unasema, unapoteza; jirani ananyamaza, anauza.

Njia ya kuaminika ilikuwa kumpandisha dume kwa majike waliokwisha kuzaa wakoromaji. Akiwa mbebaji, kila mimba ina nafasi moja kwa nne ya kumfichua. Zinatakiwa ndama 16, wote wazima, ndipo ufikie asilimia 99. Majike 16 na miezi tisa ya kungoja, kwa dume mmoja! Huko California walitengeneza hata chombo cha kupima umbo la paji la uso la madume, na wengine walipiga picha za mionzi kwenye uti wa mgongo wa ndama. Havikutosha kumtenga kila mbebaji.

Kinachonifurahisha ni habari ya Miles City, Montana. Kituo cha utafiti cha serikali kilianza mwaka 1934 kuzalisha Hereford wa ukoo mmoja wao kwa wao, ukoo ulioitwa Line 1. Sisi tulifundishwa kwamba kuzalisha ndugu kwa ndugu ni kuharibu. Kweli, lakini pia ni kufichua: kama jeni ile ingekuwamo, ingetoka upesi. Haikutoka. Wanunuzi walipokuwa wanakimbia majina makubwa, madume ya Line 1 njo yakatafutwa.

Rukeni hadi 2008, kwa ngombe weusi wa Angus. Ndama walizaliwa wamekufa, wembamba, mgongo na miguu vimepinda. Ukoo ulipofuatwa, njia ilipita kwa dume maarufu, GAR Precision 1680, ambaye mbegu yake ilikuwa imetumika sana. Katika miezi michache tu, kazi ya David Steffen wa Nebraska na Jonathan Beever wa Illinois ikaleta kipimo cha DNA, na shirika la wafugaji likatangaza wabebaji kwa majina. Watu walipoteza pesa, si kidogo. Lakini mtoto wa mbebaji aliweza kupimwa, akaonekana safi, akauzwa. Mi sioni kama watu wa 2008 walikuwa na roho nzuri kuliko babu zao. Ukweli ulikuwa umeshuka bei tu.

Sasa yangu. Papa mudogo anafuga mbuzi. Mwaka jana wana wawili, wa mama mbalimbali, walizaliwa na taya la chini fupi, hawakuweza kunyonya, wakakufa. Baba yao alikuwa ndume mmoja, na mama zote mbili ni mabinti zake. Papa mudogo alinituma niwazike nyuma ya migomba. "Wewe njo agronome," akasema, "hii ni nini?" Nikamwambia: "Papa, inaonekana ni damu yake inarudi."

Juma lililofuata tulimpeleka ndume sokoni. Kipimo kwetu hakuna, na karatasi ya ukoo pia hakuna. Muzee mmoja alimshika pembe, akaniuliza umri wake, na kama anapanda vizuri. Nilimjibu yote mawili.