Paul Robeson: Sauti Yake, Mkasi wa Wengine

Wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka kwa nini wasanii wakubwa hukubali kutumiwa na wenye mamlaka. Huwajibu kwa kuwaonyesha filamu kongwe ya Uingereza, Sanders of the River, ya mwaka 1935. Chifu Bosambo ameigizwa na Paul Robeson, mwimbaji mweusi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1898, mwana wa mtu aliyetoroka utumwani. Katika sehemu ndogo ya chifu mwingine yumo Jomo Kenyatta, ambaye siku hizo aliishi London. Wanafunzi humcheka Kenyatta kwanza, kisha hunyamaza.

Robeson hakuwa mjinga. Alikuwa London akisoma lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo, na aliamini kwamba filamu hiyo ingewaonyesha watazamaji wa Ulaya kuwa Mwafrika ana utamaduni wake. Mwongozaji, Zoltan Korda, alikuwa amepiga picha za ngoma halisi barani Afrika. Lakini kazi ilipokamilika, ngoma zile zilikuwa pambo tu katika hadithi ya ofisa mmoja wa kikoloni anayewatuliza Waafrika wa Nigeria kana kwamba ni watoto, naye Bosambo akawa kibaraka wake mwaminifu. Robeson aliikana filamu hiyo hadharani. Alichokuwa amekosa ni mkasi wa mhariri.

Jukwaani mambo yalikuwa tofauti. Wimbo uliompa sifa kuliko zote, Ol' Man River, ulitungwa na Wamarekani weupe, naye aliuimba London mwaka 1928 katika mchezo wa Show Boat, kisha katika filamu yake ya mwaka 1936. Ni kilio cha mchukuzi mweusi aliyechoka na maisha. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930, Robeson alianza kuyabadilisha maneno yake katika matamasha: yule aliyechoka akawa mtu wa kupigana hadi mwisho. Muziki ulibaki uleule.

Katika sinema alijaribu kujikinga. Kwa Song of Freedom, ya mwaka 1936, alidai haki ya kuidhinisha filamu kabla haijatolewa. The Proud Valley, ya mwaka 1940, ilimweka miongoni mwa wachimba makaa ya mawe wa Wales, naye aliionea fahari. Hata hivyo alinaswa tena Hollywood katika Tales of Manhattan, mwaka 1942, na hapo ndipo alipoachana na sinema za Hollywood. Kwa maoni yangu alichelewa. Miaka saba ni mingi kwa mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka.

Mwaka 1950 serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti. Kesi ilipofika mahakamani, wizara ya mambo ya nje ilimhesabia kama hoja dhidi yake kwamba kwa miaka mingi alikuwa amepigania uhuru wa Waafrika waliokuwa chini ya ukoloni. Bosambo alikuwa amesahauliwa.

Wachimba makaa wa Wales hawakumsahau Robeson. Oktoba 1957, walipokutana Porthcawl kwa tamasha lao, aliwaimbia kutoka New York kwa simu, kupitia waya uliolazwa chini ya Atlantiki. Ukumbi mzima ulimsikiliza bila kumwona, kisha nao wakamwimbia. Pasipoti alirudishiwa mwaka uliofuata.