Ampu ya Japani haijui iko Nairobi

Wasee, kabla uchomeke ile ampu ya mtumba kutoka Japani, angalia nyuma. Imeandikwa 100V? Stima yetu ni 240V. Itaungua, na muuzaji aliyejua akanyamaza ni mwizi tu.

Chanzo ni kitambo. Miaka ya 1890, Tokyo ilinunua jenereta za AEG ya Ujerumani, stima ya mizunguko 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Osaka ikachukua za General Electric ya Marekani, hezi 60. Mpaka leo nchi moja ina stima mbili, imagine! Volti zikabaki 100 kote. Sisi tukarithi mambo ya Waingereza: volti 240, hezi 50, plagi ya miguu mitatu.

Transfoma ya kushusha volti itaokoa ampu. Lakini hezi haigusi. Pleya ya santuri ya zamani kutoka Marekani, ile mota yake inafuata hezi, ikifika hapa mwendo unapungua kwa moja ya sita. Msichana anaimba kama mzee wa kijiji. Hapo ni kutafuta puli kubwa kidogo ya mota, na fundi wa kuichonga yuko.