Karantini na Ghamu ya Nafsi

Mwaka 1377 Baraza Kuu la mji wa Ragusa, ambao leo huitwa Dubrovnik, liliamuru kwamba msafiri atokaye katika nchi yenye tauni asiingie mjini mpaka awe amekaa siku 30 katika kisiwa cha Mrkan au katika mji wa Cavtat. Na tangu zama hizo watawala na matabibu wamezihesabu siku za waliotengwa kwa uangalifu mkubwa, wakafukiza hata nguo na barua zao, lakini ilikuwa nadra mtu kuuliza nafsi zao zilikuwa katika hali gani. Pwani yetu nayo ilipata fungu lake: gereza lililojengwa kisiwani Changuu, mkabala na mji wa Unguja, mwishoni mwa karne ya 19, halikupata kupokea wafungwa, bali kisiwa kikafanywa mahali pa kuwazuilia wasafiri wa merikebu. Sistaajabu kwamba mahali pamoja palidhaniwa kufaa kwa kazi zote mbili.

Aliyeyasema ya moyoni ni Mary Mallon, mpishi mzaliwa wa Ailandi, ambaye alichukua vijidudu vya homa ya matumbo pasipo kujiona mgonjwa, akashikwa mjini New York mwaka 1907 na kuwekwa kisiwani North Brother. Katika barua ya mwaka 1909, alipokuwa katika daawa ya kudai uhuru wake, alieleza jinsi fadhaa na huzuni zilivyomlemea hapo awali hata macho yakawa yanamcheza na ukope wa jicho la kushoto ukapooza, na tabibu wa macho, aliyekuwa akifika kisiwani mara kadhaa kila juma, asiombwe hata mara moja kumtazama. Alifunguliwa mwaka 1910 kwa ahadi ya kuacha upishi. Akaivunja, akarudishwa mwaka 1915, na huko akakaa mpaka alipofariki mwaka 1938. Kwamba watu walikufa kwa chakula chake, na kwamba umma ulistahili hifadhi, sibishi. Lakini mfungwa wa jinai hutajiwa muda wake, na yeye hakutajiwa.

Wataalamu walianza kuipima adha hiyo kwa dhati baada ya maradhi ya SARS ya mwaka 2003, ambapo mjini Toronto watu zaidi ya 15,000 walikaa karantini. Miongoni mwa 129 waliojibu maswali ya watafiti, asilimia 28.9 walionyesha dalili za kiwewe na asilimia 31.2 dalili za sonona, na waliotengwa siku nyingi zaidi ndio waliozidi kuathirika. Februari 2020 jarida la Lancet likachapisha mapitio ya maandiko 24 ya namna hiyo, yakitaja urefu wa muda, khofu ya kuambukizwa, ukiwa, uhaba wa chakula na wa habari, hasara ya mali na fedheha mbele ya majirani. Majuma machache baadaye kadiri ya nusu ya wanadamu walitakiwa wakae majumbani kwa sababu ya maradhi ya korona.

Basi yeyote atakayeamuru tena milango ifungwe, na ataje pamoja na amri hiyo siku ya kufunguliwa, na akiisha kuitaja asiisogeze mbele pasipo dharura.