Mkoba wa Mwalimu: Kutoka Karatasi Hadi Kompyuta

Tangu zamani mchoraji aendapo kutafuta kazi huchukua mkoba wenye michoro yake, ili mwenye kumwajiri ajionee mwenyewe. Mwalimu hakuwa na mkoba wa namna hiyo. Kazi yake iliisha kengele ya kipindi ilipolia. Kilichobaki ni cheti chake na maneno machache ya mkaguzi aliyeketi nyuma ya darasa.

Huko Marekani, mmoja wa waliolitia jambo hili maanani ni Lee Shulman wa Chuo Kikuu cha Stanford. Baina ya mwaka 1985 na 1990 yeye na wenzake walitafuta njia mpya za kuupima ualimu. Mwalimu alitakiwa akusanye maandalio ya masomo na kazi za wanafunzi wake, kisha aeleze kwa nini alifundisha vile alivyofundisha. Maelezo hayo ndiyo yaliyokuwa kiini cha mkoba, kwa maana daftari la mwanafunzi peke yake halisemi mwalimu alifikiri nini.

Mikoba hiyo ya kwanza ilikuwa ya karatasi, nayo ilikuwa mizito. Katika miaka ya 1990 kompyuta zilienea vyuoni, na Helen Barrett wa Chuo Kikuu cha Alaska, Anchorage, alikuwa miongoni mwa waliowaonyesha wakufunzi jinsi ya kuweka maandishi, sauti na picha katika mkoba mmoja wa kielektroniki. Lakini kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mwaka 1998 Shulman mwenyewe alitahadharisha kwamba mkoba waweza kugeuka maonyesho tu, umbo likapambwa na yaliyomo yakasahauliwa.

Hatari nyingine ilitokea pale mkoba ulipofanywa mtihani. Mwaka 2013 ulianza kutumika rasmi mtihani uitwao edTPA, uliotungwa Stanford. Mwanachuo alipeleka kwa kompyuta maandalio yake, video ya darasa na maelezo yake, akalipa dola 300, na kazi yake ikasahihishwa na mtu asiyemjua. Jimbo la New York liliufanya sharti la kupata leseni ya ualimu mwaka 2014, likaliondoa sharti hilo mwaka 2022. Georgia ilikuwa imekwisha kuliondoa mwaka 2020.

Historia hii yatufaa sisi tunaolea walimu wapya. Mwanachuo ajuaye kwamba mkoba wake utahukumiwa na mgeni hatatia ndani somo lililomshinda. Atachagua lile lililokwenda vizuri. Na pengine somo lililomshinda ndilo lenye mafunzo makubwa kuliko yote. Basi, chuo kinachotaka kuanzisha mikoba ya kielektroniki kiamue kwanza ni sehemu gani itakayotiwa alama, na ni ipi itakayobaki kuwa mazungumzo baina ya mwanachuo na mkufunzi wake. Uamuzi huo ukishafanywa, hapo ndipo yafaa kuulizia bei ya kompyuta.