Safina Iliyopakwa Rangi na Watoto

Wahenga walinena kuwa mfinyanzi hulia gaeni. Kauli hiyo ni ya watu wa huku, ila ukweli wake ulitimia pia mbali mno, katika kijiji cha Seiffen, kwenye milima ya Erzgebirge, jimbo la Saxony, Ujerumani. Huko ndiko walikotoka ng'ombe, kondoo, farasi na mbuzi wadogo wa mbao waliofurahisha watoto wa nchi nyingi katika karne ya 19.

Seiffen kilikuwa kijiji cha wachimbaji. Jina lake limeandikwa tangu mwaka 1324, nalo lahusiana na kazi ya kuosha mchanga ili kupata madini ya bati. Madini yalipopungua, watu waligeukia msitu, na nguvu ya maji iliyokuwa ikiponda mawe ikazungusha makerezo. Mwaka 1849 uchimbaji ulikoma kabisa. Tangu hapo, riziki ikabaki katika mti.

Aliyeona miguu ya vitanda vya kale vya Lamu au Unguja aijua kazi ya kukereza: mti huzunguka, patasi hugusa, na kitokacho huwa cha mviringo. Basi vipi mviringo utazaa ng'ombe mwenye pembe na miguu minne? Mafundi wa Seiffen walipata jibu mnamo mwaka 1800 hivi. Walichukua kipande cha gogo kibichi cha mti wa jamii ya msonobari, kisicho na fundo, wakakikereza upande mmoja, kisha wakakigeuza na kukereza upande wa pili. Ilitoka pete kubwa yenye mabonde na matuta, isiyofanana na kiumbe chochote. Lakini pete ile ilipopasuliwa kwa kisu, kama mtu akatavyo mkate wa mviringo, kila kipande kilikuwa mnyama. Pete moja ilitoa makumi ya ng'ombe waliolingana. Fundi hakumwona mnyama wake wakati wa kumkereza. Alimjua kwa mkono na kwa kumbukumbu tu.

Kila mnyama alitoka mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, hivyo alihitaji kuchongwa, kubandikwa masikio, pembe na mkia, na kupakwa rangi. Wengi wao waliingia katika safina za Nabii Nuhu zilizouzwa ng'ambo. Uingereza ilizipenda mno, kwani katika nyumba nyingi za wacha Mungu mtoto alizuiwa kucheza siku ya Jumapili, ila safina iliruhusiwa kwa kuwa kisa chake kimo katika Maandiko.

Na ni nani waliowapaka rangi wanyama wale? Kazi ilifanywa majumbani, na bei ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara walionunua kwa jumla. Kwa kuwa malipo ya kipande kimoja yalikuwa haba, familia nzima ilikaa mezani: baba, mama, bibi, na watoto wadogo. Vidole vyembamba vilifaa kwa masikio ya kondoo. Hivyo mtoto wa Seiffen alishika mamia ya ng'ombe kwa siku, na hakuwa na hata mmoja wa kumchezea. Alilolijua kama kazi ndilo mwenzake wa London alilolijua kama Jumapili.

Mwaka 1903 Ujerumani ilitunga sheria ya kuwalinda watoto wafanyao kazi. Sheria hiyo ilikuwa hatua kubwa, lakini ilimlinda zaidi mtoto aliyeajiriwa na mtu baki kuliko yule aliyefanya kazi kwa wazazi wake. Mlango wa nyumba ulikuwa mgumu kufunguliwa kuliko mlango wa kiwanda.

Leo wakerezaji wa pete wamebaki wachache. Seiffen ina makumbusho ya vichezeo yaliyofunguliwa mwaka 1953, na wageni husimama kimya kutazama pete ikipasuka na kundi la ng'ombe likitoka. Sanaa ile yastahili kustaajabiwa. Ila anayemshika ng'ombe wa zamani kiganjani na amtazame pia machoni: doa lile jeusi laweza kuwa liliwekwa na mtoto aliyekuwa akisinzia.